Uchovu wa Chuma

Julai, Lubumbashi. Wengine wamekwenda kwao.
Vitanda vimebaki mbavu tupu,
magodoro yamekunjwa, yamefungwa kamba,
na ubaoni, chini ya jina la kozi moja,
majina yetu matano: watu wa sesheni ya pili.

Nani alisema kiangazi ni joto?
Asubuhi baridi inakwaruza masikio.
Nyasi zimeungua mpaka ukingoni mwa uwanja,
na jivu jepesi linaingia bila kubisha,
linatua juu ya daftari.
Tunaandika humo kwa kidole kabla ya kalamu.

Umeme ukikatika tunatoka barazani,
mbabula katikati, Nshobole na shuka begani.
Makala tumechanga: Nduwayo nusu ya mfuko, mimi robo,
Kayij alimwachia muuzaji saa yake ya mkononi.
"Ilikuwa inachelewa," akasema, tukacheka.

Sufuria moja, na ugomvi wake.
Mimi nasema bukari, Nshobole bugali,
Chilufya wa Kitwe, aliyevuka Kasumbalesa
na begi moja na chandarua,
anasema nshima, na hataki rufaa.
Nduwayo anasema iteni mpendavyo:
mkono wake umeshafika.

Usiku ule tulikuwa ukurasa wa tisini na mbili.
Kifaransa cha profesa hutembea na viatu vya kung'aa;
kilimpita Chilufya bila kumsalimu.
Neno moja lilimkwama. Akalionyesha kwa kijiko.
Kayij, ajuaye lugha sita
na kunyamaza katika zote,
akamwambia kwa Kibemba: kunaka.
Nduwayo akaongeza: kwetu, kuruha.
Mimi: kuchoka, ndugu. Kuchoka tu.
Chilufya akaacha kutafuna.
"Chuma nayo inachokaka?"

Inachokaka.
Pigo moja kubwa chuma hulijibu:
hupinda, hulia, watu husikia.
Bali mzigo mdogo unaokuja na kuondoka,
kuja na kuondoka, mara laki moja,
hufungua ufa usioingia ukucha.
Kwa nje kinang'aa. Daraja linapitisha treni ya asubuhi.
Halafu siku moja, chini ya uzito uleule wa jana

Kayij alichora yote sakafuni kwa kipande cha kaa:
boriti, mshale, ufa.
Mstari wake haukutetemeka.
Tukampigia makofi.
Tulielewa, ndivyo tulivyodhani.

Agosti matokeo yalibandikwa.
Nduwayo kumi na nne. Nshobole kumi na tatu, akataka kukata rufaa.
Mimi kumi na moja.
Chilufya kumi kamili, akaibusu karatasi ukutani
mpaka mlinzi akamfukuza.
Mbele ya jina la Kayij, kistari:
hakuingia chumba cha mtihani.

Jirani alimwona alfajiri,
pale yanapopakia magari ya Kolwezi.
Hakuaga mtu.
Ada ya mwaka jana alikuwa bado anadaiwa,
na zile simu za nyumbani, kila jioni, fupi fupi,
ambazo alizipokea kwenye ngazi, akitabasamu,
akirudi na kuuliza tumefika wapi.
Simu ngapi? Hatukuhesabu.
Sisi, watu wa hesabu.

Tumempigia. Inaita, inakata.
Tumechanga tena, safari hii si makala,
na fedha ziko ndani ya soksi ya Nduwayo
zikisubiri anwani.

Sasa mijakaranda imeanza kumwaga zambarau njiani,
na wanafunzi wapya wanauliza kantini iko wapi
kwa Kiswahili cha Kalemie, cha Uvira, cha kubahatisha.
Mchoro bado upo barazani.
Nshobole akipiga deki anauzunguka;
boriti imefifia, ufa ndio unaosomeka.

Na Chilufya hasemi tena habari.
Akikutana nami kwenye ngazi, vitabu kifuani,
ananiuliza, "Unachokaka?"
kisha anasimama palepale, hapiti,
mpaka nimjibu.